Kisukari na Saumu: Yanayotokea Mwilini Kati ya Daku na Futari



Ndugu msomaji, mazungumzo haya niliyatoa mbele ya vijana wenzetu hapa mjini, wiki chache kabla ya mwezi mtukufu, siku ya Jumamosi baada ya Swala ya Adhuhuri. Nimeombwa niyaandike ili na wewe ambaye hukufika uyapate. Nimeyaacha karibu kama nilivyoyasema, kwa hivyo ukiona mahali nimeongea kama mtu aliye barazani, nisamehe. Mimi ni muuguzi, si mwandishi. Mambo ya hukumu nawaachia masheikh wenyewe. Mimi nitasema ya mwili, na pale mawili hayo yanapokutana nitakwambia waliyosema wao.

Wacha nianze na kisa.

Ramadhan ya 2005 iliangukia Oktoba. Nilikuwa mwaka wa pili katika chuo cha uuguzi na nikiishi kwa ami yangu Kawangware. Ami alikuwa ameajiriwa katika duka la vitambaa pale Biashara Street. Kila jioni, akishaswali Alasiri Msikiti wa Jamia, alikuwa akitembea hadi Kencom apande gari la 46 arudi nyumbani tufuturu pamoja. Siku hiyo foleni ilikuwa mbaya, gari likakwama Valley Road. Ami akaanza kutoka jasho, na hali kulikuwa na baridi. Mikono ikatetemeka. Kisha akaanza kugombana na makanga juu ya nauli ambayo alikuwa ameshalipa, na maneno yake yakawa hayashikani. Abiria mmoja akasema, "Huyu mzee amelewa." Mzee wa kanzu na kofia, mwezi wa Ramadhan! Wengine wakacheka. Gari lilipofika Hurlingham wakamshusha, akakaa chini kando ya barabara.

Aliyemwokoa ni mama mmoja muuza ndizi. Mamake mwenyewe alikuwa na kisukari, kwa hivyo alichokiona alikijua. Akanunua soda, akamshika ami kichwa, akamwambia anywe. Ami akausukuma mkono wake: "Nimefunga." Yule mama, ambaye hata si Mwislamu, akamjibu, "Mzee, Mungu wako anakuona. Kunywa." Akanywa. Baada ya kama robo saa akauliza hapa ni wapi.

Sasa, kilichonikaa moyoni hadi leo si wale abiria. Nilijua kwamba ami ana kisukari. Nilijua ni vidonge gani anakunywa. Darasani tulikuwa tumeshafundishwa vidonge hivyo hufanya nini kwa mtu asiyekula. Nikaona haya. Mtoto wa juzi nimwambie mzee kama yule asifunge? Nikanyamaza, na nyumba nzima ikanyamaza.

Ndiyo maana leo nataka ujue kilichokuwa kikitendeka ndani ya mwili wake tangu saa kumi na moja alfajiri hadi saa kumi na moja jioni. Ukikijua, huenda usinyamaze.

KIJIKO KIMOJA CHA CHAI

Hebu nikuulize: katika damu yote ya mtu mzima, karibu lita tano, kuna sukari kiasi gani? Nilipouliza swali hili pale ukumbini mmoja akasema kilo, mwingine akasema nusu kilo. Jibu ni karibu gramu 5. Kijiko kimoja cha chai, basi. Soda ya mililita 300 ina karibu gramu 30, yaani zaidi ya mara tano ya sukari iliyomo katika damu yako yote wakati huu unaposoma.

Kijiko hicho lazima kibaki kijiko. Kikipungua nusu unaanguka. Kikizidi maradufu, tena kwa miaka, kinakuharibu polepole. Ubongo peke yake hutumia karibu gramu 120 za sukari kwa siku, kwa hivyo kijiko kinachotwaliwa lazima kijazwe tena, mchana na usiku, umelala au uko macho, umekula au umefunga. Mtu mwenye afya hufanyiwa kazi hii bila kujua, hata shukrani hatoi.

Inafanywaje? Chukua mfano wa steji ya Kencom saa kumi na moja jioni. Steji ndiyo damu. Abiria waliojaa pale ndio sukari. Magari ndiyo seli za mwili: za misuli, za mafuta, za ini. Abiria hawezi kuingia mpaka makanga afungue mlango, na makanga huyo ndiye insulini. Anayewatuma makanga kazini ni kongosho, kiungo kidogo kilichojificha nyuma ya tumbo. Umekula, abiria wamefika wengi kwa pamoja, kongosho linatuma makanga, milango inafunguliwa, watu wanaingia, steji inapumua. Wengine wanapelekwa kwenye ini kuwekwa akiba.

Kuna gari lisilo na mlango, nalo ni ubongo. Sukari huingia huko bila makanga. Lakini ubongo hauna stoo: unategemea kile kilichopo stejini dakika ile ile. Likumbuke neno hili, tutalirudia.

Ukifunga mtu mzima usiye na maradhi, chakula cha daku kinakwisha damuni baada ya saa chache. Hapo kongosho linapunguza insulini na kutoa homoni nyingine iitwayo glukagoni, nayo inaliambia ini lifungue akiba. Ini lina karibu gramu 100. Linatoa kidogo kidogo, kama mama anayegawa unga wa mwisho wa mwezi. Kadiri mchana unavyokwenda misuli inageukia mafuta ili sukari iliyobaki iachiwe ubongo. Sisi wa Nairobi tuko karibu na ikweta, saumu yetu ni karibu saa 13 na nusu, Ramadhan iangukie mwezi wowote. Ndugu zetu wa London ikiwaangukia Juni hufunga zaidi ya saa 17, na wenye afya wanamaliza salama. Mwili umeumbwa uweze.

MAKANGA WASIPOSIKIKA

Kisukari ni kuharibika kwa utaratibu huo, na kuna aina mbili kubwa.

Aina ya kwanza mara nyingi humpata mtoto au kijana. Kinga ya mwili wake mwenyewe inazigeukia seli za kongosho zinazotengeneza insulini na kuziua. Makanga hawapo kabisa. Abiria wamejaa hadi barabarani na magari yako tupu. Mtoto anakula na anakonda, anakunywa maji na kiu haiishi. Kabla ya 1922 mtoto kama huyo alikuwa akifa, hapakuwa na la kufanya. Mwaka 1921 Frederick Banting na Charles Best, huko Toronto, Kanada, walifaulu kutoa insulini kwenye kongosho la mbwa. Januari 1922 akachomwa sindano ya kwanza Leonard Thompson, kijana wa miaka 14 aliyekuwa akingoja kufa. Akaishi miaka mingine kumi na tatu. Haki ya ugunduzi ule iliuzwa kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola moja moja.

Aina ya pili ndiyo aliyo nayo ami, na ndiyo waliyo nayo wengi wa wazee wetu. Hapa makanga wapo, na mwanzoni ni wengi kuliko kawaida, lakini milango imeshika kutu. Mafuta yakirundikana ndani ya ini na misuli, seli hazisikii tena insulini vizuri. Kongosho linaongeza makanga, linaongeza tena, mwaka baada ya mwaka, mpaka linachoka. Mgonjwa anapokuja kwetu kuambiwa "una sukari," mara nyingi kongosho limeshapoteza karibu nusu ya nguvu zake. Na kuna jambo linalowashangaza wengi: "Mimi nimelala bila kula, hii sukari ya asubuhi imetoka wapi?" Imetoka kwenye ini. Nalo limekuwa kiziwi. Insulini inaliambia tosha, lenyewe linaendelea kumwaga abiria stejini.

Kwa hivyo usikubali ule usemi kwamba kisukari ni ugonjwa wa waliopenda chai tamu. Kuna kurithi, kuna umri, kuna unene wa tumbo, na kuna kukaa. Hili la kukaa linatuhusu sisi vijana hasa. Misuli inapofanya kazi hufungua njia yake ya kuingiza sukari bila kumngoja makanga. Wenye umri wangu mnakumbuka kabla ya sheria za Michuki za 2004, watu walivyokuwa wakipandia hata madirishani? Basi ni hivyo. Wako watu wanaotoka Kawangware au Kangemi kwa miguu alfajiri kwenda vibarua Lavington na Westlands, na kurudi vile vile jioni. Wanafanya hivyo kwa kukosa nauli, hawasemi ni mazoezi, lakini misuli yao inakula sukari. Watoto wao wakishapata kazi ya ofisi hupanda bodaboda hata kwenda dukani.

KILICHOMPATA AMI

Sasa turudi Valley Road.

Dawa za kisukari si za namna moja. Wengi hutumia metformini, ambayo kazi yake kubwa ni kuliambia ini lipunguze kumwaga sukari. Ikiwa peke yake ni nadra imwangushe mtu. Ami alikuwa akitumia na glibenklamaidi, dawa iliyoenea kwa kuwa ni rahisi na inafanya kazi. Hii hulilazimisha kongosho kutoa insulini, na haiulizi kama umekula au hukula. Nguvu yake yaweza kukaa mwilini siku nzima.

Siku ile ami aliamka akiwa na usingizi, akala daku ya chai na kipande cha mkate, akameza kidonge chake cha asubuhi kama kawaida, akalala tena. Kufika Adhuhuri mkate ule umekwisha. Mwili wa mtu mzima mwenye afya ungepunguza insulini hapo. Wake ulikuwa umeamriwa na kidonge uendelee kutuma makanga. Milango ikabaki wazi, na ini likafungwa mdomo, maana insulini ikiwa nyingi ini halitoi akiba. Kisha akatembea juani kutoka Jamia hadi Kencom. Abiria wachache waliobaki wakapakiwa wote. Steji ikawa tupu.

Ukumbuke lile gari lisilo na stoo. Sukari ikishuka chini ya 3.9, kwa kipimo tunachotumia hapa Kenya, mwili hupiga kamsa: adrenalini inamwagika, ndiyo lile jasho, kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa kali. Ikizidi kushuka ubongo wenyewe unakosa chakula, na hapo mtu anakuwa mkali, anachanganya maneno, anapepesuka, haoni vizuri. Usiyejua utasema ni pombe. Halafu ni degedege, kuzimia na kifo. Na aliyeishi na kisukari miaka mingi huenda ile kamsa ya kwanza asiisikie tena. Anaruka moja kwa moja hadi kuchanganyikiwa.

Wala si kisa cha mtu mmoja. Mwaka 2001 ulifanywa utafiti katika nchi 13 juu ya Waislamu zaidi ya 12,000 wenye kisukari, na matokeo yakachapishwa 2004. Katika wale wa aina ya pili, asilimia 79 walifunga angalau siku 15. Wa aina ya kwanza, asilimia 43. Visa vya sukari kushuka vibaya viliongezeka katika Ramadhan mara 4.7 kwa aina ya kwanza na mara 7.5 kwa aina ya pili. Kwa hivyo mzee wako si mkaidi peke yake duniani.

Upande wa pili wa sarafu ni baada ya Maghrib. Mimi pia ni mtu wa kaimati, sitawadanganya. Lakini tazama meza zetu: tende, uji wa sukari, tambi za sukari, mahamri, juisi ya chupa, halafu pilau. Aliyekuwa na 4 saa kumi na mbili anakuwa na 18 saa mbili usiku. Mwili unavutwa huku na huku, mwezi mzima.

Hapa nina neno kwa kijana mwenye aina ya kwanza, maana nimemwona mmoja aliyeletwa kwetu akitapika, anapumua mbio kama aliyekimbia, pumzi inanuka kama matunda yaliyoiva sana. Alikuwa Kidato cha Tatu. Alikuwa ameacha sindano siku mbili. Nilipomuuliza sababu akajibu, "Si nimefunga, sili kitu, insulini ya nini?" Hoja inaonekana ina akili, na ndiyo iliyokaribia kumuua. Ini halingoji ule. Bila insulini linamwaga sukari bila breki, na seli zilizofungiwa nje zinachoma mafuta kupita kiasi mpaka damu inajaa asidi iitwayo ketoni. Insulini haiachwi hata siku moja, uwe umekula au hukula. Kinachobadilishwa ni kiasi na saa, na anayebadilisha ni daktari.

MACHO, FIGO NA MIGUU

Nimesema sukari ikizidi kwa miaka huharibu. Inaharibu mishipa, kuanzia ile myembamba. Machoni mishipa hiyo huvuja na kuziba, na mtu anaweza kupofuka bila kuumwa hata siku moja.

Figo nazo kila moja ina vichujio vidogo karibu milioni moja, na mbili kwa pamoja huchuja karibu lita 180 kwa siku, kisha hurudisha karibu zote mwilini. Sukari nayo hurudishwa. Lakini ikipita takriban 10, figo hushindwa kuirudisha yote. Inamwagika kwenye mkojo na kuvuta maji pamoja nayo: ndiyo kukojoa mara kwa mara, ndiyo kiu, ndiyo sisimizi ambao wazee wetu walikuwa wakiwaona chooni na kujua maana yake. Baada ya miaka, vichujio vyenyewe vinakufa, hasa presha ikiwapo pia, na mara nyingi hizi mbili hutembea pamoja. Nenda siku moja kumtembelea mgonjwa wa kusafishwa damu Kenyatta, utaelewa kwa nini napiga kelele.

Miguu nitaizungumza kidogo zaidi. Mishipa ya fahamu ya nyayo ndiyo mirefu kupita yote, na ndiyo inayokufa mapema. Mwanzo kuna kuchomachoma na ganzi, halafu hakuna kitu. Mtu anakanyaga msumari hajui. Damu nayo haifiki vizuri, na askari wa mwili hawafanyi kazi sawasawa katika sukari nyingi, kwa hivyo kidonda hakiponi. (Ndiyo sababu hiyo hiyo mwenye kisukari ana hatari mara mbili hadi tatu ya kuugua kifua kikuu.) Sisi tuna nafasi ambayo wenzetu hawana: mara tano kwa siku tunaosha miguu. Basi unapotia udhu itazame, na unyayo uutazame. Kausha katikati ya vidole. Msikitini viatu vikiwa mlangoni, usitembee pekupeku hadi chooni juu ya saruji iliyopasuka.

SASA TUFANYEJE?

Kwanza, jua kama unao. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa Kenya mwaka 2015 ulikuta kwamba karibu watu wazima 9 kati ya 10 hawakuwahi kupimwa sukari hata mara moja maishani. Tone la damu la kidole, dakika moja. Ukiwa hujala usiku kucha na ikasoma 7 au zaidi, rudia siku nyingine; ikirudi hivyo, ni kisukari.

Pili, mwenye ugonjwa aende kwa daktari wiki sita hadi nane kabla ya Ramadhan, asingoje usiku wa kuandama mwezi. Huko atapimwa figo, atapangiwa dawa upya. Mara nyingi kipimo kikubwa huhamishiwa futari, cha daku kikapunguzwa, au glibenklamaidi ikabadilishwa na dawa isiyoangusha. Wengine wataambiwa mnaweza kufunga. Wengine wataambiwa wasifunge: aliyeanguka kwa sukari kushuka karibuni, mjamzito anayetumia insulini, mwenye figo zilizokufa.

Tatu, apime akiwa amefunga: asubuhi, mchana, baada ya Alasiri, na wakati wowote akijisikia vibaya. Kuna wanaoogopa kwamba tone la kidole linafunguza. Wanazuoni wengi wamesema halifunguzi, na wengi wamesema vivyo hivyo juu ya sindano ya insulini. Muulize imamu wako. Ikisoma chini ya 3.9, afungue papo hapo, hata ikiwa zimebaki dakika kumi adhana. Nasema hata dakika kumi, maana hapo ndipo watu wanapofia. Ikipita 16.7 vile vile afungue, anywe maji, atafute daktari. Daku aicheleweshe, na iwe chakula cha kukaa tumboni: maharagwe, mbaazi, ugali wa wimbi, yai, mboga. Chai na mkate si daku.

Ukimkuta mtu kama alivyokuwa ami, mpe vijiko vitatu vya sukari katika maji au nusu chupa ya soda, tena isiwe ile ya bila sukari. Ngoja dakika 15. Hajapata nafuu, mpe tena. Akirudiwa na akili, ale chakula. Akiwa amezimia usimtie kitu mdomoni, atapaliwa. Mlaze ubavu, mkimbize hospitali.

Na dawa za mlangoni mwa msikiti, zile chupa za "kuondoa kisukari siku arobaini"? Sina ugomvi na habbat sawda, hata nyumbani kwetu iko. Lakini nimewapokea waliotupa insulini kwa sababu ya chupa hizo, wakaja kwetu wamebebwa.

Nikaulizwa pale ukumbini na dada mmoja: babangu hasikii, nitamwambiaje? Hili ndilo swali lililonileta. Mzee wako anaona kutofunga ni kushindwa, na anaona aibu majirani wakijua. Ukimjia na namba hatakusikia. Mimi baada ya siku ile ya Hurlingham nilikaa na ami usiku, tukiwa wawili tu, nikamwomba radhi kwanza kwa kunyamaza kwangu. Kisha nikamweleza habari ya steji na makanga kama nilivyokueleza wewe. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Kwa hivyo kile kidonge ndicho kilichowapakia wote?" Nikasema ndicho, ami. Kesho yake akaenda mwenyewe kwa imamu. Imamu akamsomea ruhusa iliyomo katika Suratul Baqarah, aya ya 184 na 185, ya mgonjwa kulipa siku nyingine, na ya fidya ya kumlisha maskini kwa asiyetarajia kupata uwezo. Akamuuliza kwa nini anairudisha zawadi aliyopewa na Mola wake. Hayo mimi nisingeweza kuyasema. Kwa hivyo ukishindwa na mzee wako, mtafute anayemheshimu.

Tangu 2006 ami hafungi. Mwaka wa kwanza alikuwa akila mchana kwa kujificha chumbani, amefunga mlango. Siku hizi watoto wamezoea, na wanaopokea fidya yake Kawangware wanamjua kwa jina.

Kidole kimoja cha mguu wa kulia hana. Ilikuwa 2011, kokoto iliingia kiatuni Biashara Street asubuhi, akatembea nayo kutwa nzima, akapanda gari nayo hadi nyumbani. Mjukuu wake ndiye aliyeona damu, akimmiminia maji ya kutilia udhu wa Maghrib. Nilipomwambia nakuja kuzungumza nanyi, akaniagiza nisiisahau habari ya kokoto. Yeye siku hizi kabla ya kuvaa kiatu hukipindua na kukigongagonga sakafuni, kila mara, hata akienda mlangoni tu.